Ziara ya Bibi wa Biên Hòa

Bibi Tường Loan alikuwa ameishi ndani ya ngome ya Huế tangu siku alipoolewa, na hakuwahi kumlipa mtu amtembeze mji huo. Kwa hiyo asubuhi ile, aliposimama kati ya wageni mbele ya ofisi ndogo ya utalii karibu na daraja, akiwa na kofia pana, miwani ya jua, barakoa ya kitambaa na koti la maua aliloazima kwa jirani, alijiona kama mtu anayeingia jikoni mwake kwa dirisha.

Hakuna aliyemshangaa. Kiangazi wanawake wa nchi nzima hujifunika hivyohivyo wakitoka, macho tu yakabaki nje, na yeye hata macho aliyafunika. Alikuwa amejiandikisha kwa jina la dada yake anayeishi Biên Hòa, huko kusini. Mtu akimsemesha, alikuwa amepanga kukohoa. Lafudhi ya Huế haifichiki. Angetamka sentensi moja tu, hata dereva wa gari angejua kwamba bibi huyu hajatoka mbali.

Aliyemfikisha hapo alikuwa mwanawe wa pekee. Nghi, mhandisi wa idara ya maji, alitaka kuoa. Msichana aliitwa Miên, na kazi yake Miên ilikuwa kuwatembeza wageni mjini.

Bibi Loan hakuwa na neno baya juu ya msichana huyo. Alikuwa ameiona picha yake, akauliza habari zake kwa njia ambazo watu wa Huế huulizia, yaani kwa kuzungumzia mambo mengine kabisa hadi mwenzako aliseme lile unalolitaka. Baba fundi saa. Mama anauza vitambaa sokoni Đông Ba. Watu safi. Lakini hakuwa amemkaribisha nyumbani bado, na Nghi aliijua sababu. Msichana akishaingia kwenu akanywa chai mbele ya madhabahu ya mababu, kumkataa baada ya hapo ni kuwatukana wazazi wake. Chai ikimiminwa, neno limekwisha. Ndiyo maana mama huyu alikuwa haharakishi birika.

Alikuwa amefundisha fasihi katika shule ya wasichana mpaka alipostaafu, na sokoni bado kina mama watu wazima walimwamkia “Mwalimu” huku wakificha pipi mdomoni. Mumewe, Đoàn Kiêm Toại, alikuwa mjukuu wa afisa aliyesimamia taratibu za ibada enzi za wafalme. Alipofariki, alimwachia mkewe nyumba ya mbao yenye paa la vigae vya zamani, bustani ya mibalungi, na jina la ukoo. Katika vitu hivyo vitatu, jina ndilo lililohitaji kazi ya kila siku. Bibi Loan alivaa kanzu ndefu hata akienda kununua vitunguu. Sahani ya jirani haikurudi kwake tupu. Siku za shida alikula wali wa jana na chumvi ya ufuta, mlango umefungwa. Mgeni akija, meza ilijaa visahani vidogovidogo mpaka mgeni akakosa pa kuweka kiwiko.

Angeendelea kumchunguza Miên kwa mbali, taratibu, kama si wifi yake Quế, dada wa marehemu, ambaye alikuja kila siku kumsaidia kuchambua mbegu za yungiyungi na kumletea habari ambazo hakuziagiza.

“Wifi,” Quế alisema, “huyo binti wa Nghi jana alisimama langoni kwetu na kundi la watu.”

“Njia si yetu.”

“Walikuwa wanautazama ukuta. Wanacheka.”

Bibi Loan aliweka kisu chini. “Yeye alikuwa anasema nini?”

“Sikusikia, nilikuwa huku ndani. Lakini watu wazima hawasimami juani kumi kumi wakacheka bure. Wameambiwa kitu.”

Ukuta wenyewe ulikuwa ule mfupi unaosimama kati ya lango na nyumba, kama ulivyo katika kila nyumba ya heshima ya Huế, ili mtu asiingie moja kwa moja bali azunguke. Usoni mwake palikuwa na ndege wa kifalme mwenye mkia mrefu, aliyetengenezwa kwa vipande vya vyombo vya kauri vya rangi ya buluu. Kazi nzuri sana, isipokuwa mguu mmoja. Mguu huo ulikuwa wa jogoo. Ulitoka kwenye bakuli la bei rahisi lenye picha ya jogoo mwekundu, bakuli ambalo hata muuza supu wa kando ya barabara analo.

Kwa miaka mingi Bibi Loan aliwaambia watu kwamba fundi wa zamani wa jumba la kifalme aliuweka mguu huo kwa makusudi, mzaha wa mafundi. Aliwaambia wanafunzi, aliwaambia wageni wa Tết, sikukuu ya mwaka mpya, na kisha akaweka chungu cha mchungwa mdogo mbele yake, ili asilazimike kuwaambia wengi zaidi. Ukweli ulijulikana na watu watatu: yeye, marehemu, na Nghi. Na vijana wakipendana hawaachi kitu bila kuambiana.

Basi swali lilikuwa moja. Je, msichana huyu alikuwa akiwauzia wageni siri ya nyumba anakotaka kuolewa? Kama ndivyo, chai isingemiminwa. Swali la namna hiyo huwezi kumtuma mtu akuulizie. Ukitaka jibu unakwenda kusikia kwa masikio yako.

“Jamani, kila mtu achukue maji,” Miên alisema, akigawa chupa. Alikuwa mwembamba kuliko pichani, na sauti yake ilifika mbali bila kupanda. “Jua la Huế halina urafiki. Hata sisi tuliozaliwa hapa linajifanya halitujui.”

Bibi Loan alipokea chupa yake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo, akaketi kiti cha nyuma cha lile gari la umeme lisilo na milango.

Mbele yake alikaa Bwana Lương, mwenye duka la misumari na nati huko Hải Phòng, pamoja na mkewe. Kamera yake ilikuwa na lenzi ndefu kama chupa ya chai, na yeye mwenyewe alikuwa na swali juu ya kila kitu.

“Binti, hapa mfalme alikuwa anapita na gari?”

“Anapita amebebwa, bwana.”

“Kila siku?”

“Mume wangu,” mkewe alisema, “hata hatujaondoka.”

Kwenye Lango la Adhuhuri, Miên aliwasimamisha kivulini. Aliwaonyesha milango mitano: wa katikati wa mfalme peke yake, miwili ya kando yake ya maafisa, na ile ya mwisho ya askari, farasi na tembo.

“Mimi ningepitia wapi?” Bwana Lương aliuliza.

Miên alimtazama kuanzia juu hadi chini kwa adabu zote. “Bwana tungekupitisha kwa tembo. Usije ukakwama.”

Aliyecheka zaidi alikuwa mkewe. Bibi Loan, aliyekuwa akimsahihisha msichana kimoyomoyo kama alivyowasahihisha wasichana maisha yake yote, alimkata alama moja kwa utani mbele ya wakubwa, halafu akamrudishia, kwa kuwa mkubwa mwenyewe ndiye aliyeomba.

Mbele ya vyungu tisa vikubwa vya shaba, alimkata tena. Yeye angeanza na mfalme aliyeviagiza na mwaka vilipokamilika. Miên hakutaja mwaka. Aliwaambia kila mmoja atafute, kati ya picha zilizochongwa juu ya shaba, kitu kinachopatikana kwao nyumbani, akawaacha. Watu wakatawanyika, wakaanza kuinama na kupapasa kwa macho. Mmoja akapata mpunga. Mke wa Bwana Lương akapata tangawizi, akamwita mumewe kama aliyeokota pete. “Njoo uone. Mfalme alikumbuka hata tangawizi, wewe hukumbuki kununua.” Bwana Lương akaipiga picha. Bibi Loan, ambaye kwa miaka mingi aliwaleta wanafunzi hapo na kuwasomesha tarehe wakiwa wamepanga mistari, alijikuta naye anazunguka chungu kimoja akitafuta. Alipogundua anachofanya, alisimama wima.

Mpaka hapo msichana hakuwa ametaja ukoo wa mtu yeyote.

Kisha gari liliingia katika vichochoro vya ndani ya ngome, vyenye ua wa majani yaliyokatwa sawasawa pande zote mbili. Bibi Loan aliutambua kila ua. Hapa kwa daktari wa meno, hapa kwa wale waliogombana kwa ajili ya mfenesi. Gari lilipopinda kushoto, alijua linakokwenda, akashika kitambaa cha koti lake kwa vidole.

“Tunashuka kidogo,” Miên alisema. “Nyumba za bustani kama hizi zimebaki chache. Hapa wanaishi watu, kwa hiyo tutasimama hukuhuku njiani. Msiingize kamera langoni, na msipige picha dirisha. Muone tu jinsi njia isivyokwenda moja kwa moja mlangoni. Ukuta unakuambia subiri, zunguka, panga maneno yako kabla hujafika.”

Bibi Loan hakupata cha kukata hapo. Alisimama nyuma ya wote, mbele ya lango lake mwenyewe, akiuona mti wake wa mbalungi na ndoo aliyoisahau kisimani. Ilimkera sana ile ndoo.

Bwana Lương alikuwa amejisogeza pembeni, akitafuta upande ambao mchungwa haumzuii. Lenzi ikazunguka. “Ngoja kwanza,” alisema. “Huyu ndege wa kifalme ana mguu wa kuku.”

“Acha,” mkewe alisema.

“Kweli kabisa, njoo uone. Jogoo wa bakuli la supu. Tunalo nyumbani. Mafundi wa mfalme walikuwa wanafanya kazi huku wanakula?”

Watu walicheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, kicheko cha watu waliochoka na jua, lakini Bibi Loan alikisikia chote.

“Ukuta huo ulipatwa na mafuriko makubwa,” Miên alisema. “Ukatengenezwa baadaye.”

“Na nani? Na mpishi?”

“Na wenyewe. Zaidi ya hapo ni habari za ndani ya nyumba, bwana. Wakitaka kukuambia watakuambia wao. Mimi nimelipwa kuonyesha njia. Twendeni, tule.”

Msichana alikuwa ameshageuka, mkono mmoja umenyooshwa kulielekea gari. Mambo yangeishia hapo. Bibi Loan alikuwa amepata jibu alilolifuata, safi, halina doa, na kazi yake ilikuwa imekwisha.

Lakini Bwana Lương alikuwa bado ameshika kamera. “Ndiyo hizo familia za maafisa wa zamani,” alimwambia mkewe. “Jina refu, chungu kitupu. Wanaona aibu kuita fundi wa bei nafuu, basi wanabandika kuku.”

Bibi Loan alishusha barakoa.

“Bwana,” alisema, “fundi hakuitwa kwa sababu hakukuwa na cha kumlipa.”

Ilikuwa sauti ya Huế tupu, sauti ya ubao na chaki, na watu wote wakageuka.

“Mwaka ule maji yalifika hadi chini ya dari. Yalipoondoka, nusu ya paa ilikuwa imekwenda nayo na ukuta umepasuka. Vyombo vizuri vya buluu vilivyobaki viliuzwa, likanunuliwa paa, kwa sababu kulikuwa na mtoto ndani. Mwenye nyumba akakaa kwenye kigoda kiangazi chote na kindoo cha saruji, akamrudisha ndege huyu kipande kwa kipande. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuwahi kushika mwiko wa saruji. Mguu ulipokosekana, alichukua bakuli walilokuwa wakilia chakula, akalivunja. Hakumwomba mtu yeyote hata kijiko. Kwa hiyo jina la nyumba hii si refu kuliko chungu chake. Vinalingana.”

Hakuna aliyecheka. Bwana Lương aliteremsha kamera yake taratibu hadi tumboni.

“Nisamehe, bibi,” alisema. Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, “Lakini kwenye orodha si umeandikwa unatoka Biên Hòa?”

Bibi Loan alirekebisha kofia. Kukohoa kulikuwa kumechelewa.

“Bibi amesoma sana habari za mji wetu,” Miên alisema, bila kumtazama. “Wengine huja wamesoma kuliko mimi. Bwana Lương, tahadhari na mtaro, uko nyuma yako. Vikeki vya bánh bèo havitusubiri.”

Akawapandisha wote garini. Bibi Loan naye akapanda, kwa kuwa mtu wa Biên Hòa hana sababu ya kubaki kwenye lango hilo. Aliipita nyumba yake kama mgeni, ndoo ikabaki kisimani.

Mkahawa ulikuwa nyuma ya hekalu dogo, meza fupi, viti vifupi. Hapo barakoa haina kazi. Miên aliwakalisha wageni wengine kwenye meza ndefu, akaangalia kila mmoja amepata vikeki vyake vya unga wa mchele, kila kimoja ndani ya kisahani chake na unga wa kamba wa baharini juu. Wote aliwapa mchuzi wa samaki usio na pilipili, maana wageni hulia. Kisha akaleta sinia kwenye meza ya pembeni alikojitenga Bibi Loan, na karibu na sinia akaweka kibakuli cha pilipili mbichi kilichojaa. Akasimama, mikono mbele.

“Kaa,” Bibi Loan alisema.

Msichana akakaa.

“Ulinijua lini?”

“Kwenye maji, Mwalimu.” Alisema Mwalimu, siyo mama, siyo bibi, kama mtu anayeingia chumba ambacho mlango wake anaujua. “Wageni hunyakua chupa, wananishukuru wakiwa tayari wanakunywa. Mwalimu ulipokea kwa mikono miwili. Nikatazama vizuri, nikaona Nghi amechukua mwendo wako.”

“Na ukanyamaza.”

“Mgeni amejiandikisha kwamba anatoka Biên Hòa. Nimbishie?”

Bibi Loan alitia pilipili kwenye mchuzi, akaongeza. “Wifi yangu anasema juzi walicheka langoni.”

“Walicheka, Mwalimu. Karibu kila kundi lina mmoja anayeuona mguu, hasa tangu majani ya mchungwa yalipoanza kupukutika upande wa kushoto. Nikiona wameanza, nawaondoa.” Akamsogezea kisahani. “Leo ningemwondoa Bwana Lương kabla hajamaliza, lakini nyuma palikuwa na mtu ameziba njia.”

Hilo lilikuwa utani mbele ya mkubwa, tena mkubwa ambaye hakuomba. Bibi Loan alingoja aone kama atamkata alama. Hakumkata.

“Nghi amekuambia yote?”

“Aliniambia alikuwa anakoroga saruji kwa fimbo, na baba yake anaimba vibaya. Mambo ya kuuza vyombo ili kununua paa sikuyajua mpaka leo.”

Bibi Loan alikula. Alikuwa ameuchukia mguu ule kwa muda mrefu kiasi kwamba alikuwa amesahau kule kuimba. Toại alikuwa akiimba akibandika, nyimbo za wabeba mizigo wa bandarini, na yeye alikuwa akifunga madirisha ya upande wa njia ili majirani wasisikie.

“Pale kwenye vyungu hukutaja mwaka,” alisema.

“Nataja wakiuliza.”

“Hawatauliza wakiwa wanatafuta tangawizi.”

“Hapana, Mwalimu. Lakini wakifika kwao watasimulia tangawizi.”

Bibi Loan alipanga visahani vilivyokwisha kimoja juu ya kingine, pole pole, kingo zikalingana. Kwenye meza ndefu Bwana Lương alikuwa ameomba pilipili baada ya yote na sasa alikuwa akifutwa machozi na mkewe, ambaye hakumhurumia.

“Saa yangu ya ukutani imesimama tangu Tết,” Bibi Loan alisema mwishowe. “Baba yako anaweza kuja kuitazama? Jumapili asubuhi. Haitapendeza aje peke yake. Mama yako aje, na wewe uje uwaonyeshe njia, maana ndiyo kazi yako.”

Miên alitazama chini, kwenye kibakuli cha pilipili. “Tutakuja, Mwalimu.”

“Nitaweka chai.”

Msichana aliinuka, akainama, akarudi kwa wageni wake.

Alipofika nyumbani, Bibi Loan alivua koti la maua, akalikunja, akaweka balungi moja juu yake ili jirani asirudishiwe kwa mkono mtupu. Quế alikuwa kibarazani na beseni lake la mbegu.

“Ulikuwa wapi wifi? Umeungua pua.”

“Nilikuwa natembea.”

“Wale watu wamekuja tena leo. Kuna bibi mmoja aliwahutubia pale langoni, sijui wa wapi, amejifunika kama mfuko wa mchele. Sikumwona wala kumsikia vizuri. Unaona sasa? Hiyo ndiyo kazi ya huyo binti, kila mtu anakuja kusema mbele ya nyumba yetu.”

“Bibi huyo alisema vizuri?”

Quế alifikiri. “Watu walinyamaza,” alikiri.

“Basi.”

Bibi Loan alikwenda kisimani akaondoa ndoo. Jioni Nghi aliporudi kutoka kazini, mama yake alimwambia aushike mchungwa ule upande mmoja, yeye akashika mwingine, wakausogeza mpaka kando ya ua, mahali ambapo mti hauzuii kitu. Mguu wa jogoo ulionekana wote, kucha zake tatu nyekundu na hudhurungi, chini ya manyoya ya buluu.

“Mama, wageni wa Jumapili watauona,” Nghi alisema.

“Wakiuona watauliza,” alisema mama yake, akijikung'uta udongo mikononi. “Wewe utawasimulia. Na usisahau kuimba kwa baba yako. Kesho upite sokoni ukaulizie tambuu na popoo za posa, nataka kujua mzigo mzuri unaingia siku gani.”